DAMU HUSEMA, LAKINI HAISEMI YOTE

Wahenga walinena, mficha maradhi kifo humuumbua. Ndugu msomaji, maradhi ninayokusudia kuyaeleza hapa ni saratani ya titi, ambayo ndiyo saratani inayowapata wanawake wengi zaidi nchini Kenya. Hapa petu Kuze utamsikia mama mwenye kinundu akisema: "Aa, mimi nishapima damu, damu yangu safi." Maneno hayo mawili, "damu safi", yaweza kumponza mtu. Natutazame ni kwa nini.

Damu ni kama mfereji unaopita nyuma ya nyumba zetu za Mji wa Kale. Hupita kwa kila mtu, ikichukua kidogo kidogo cha kila nyumba. Uvimbe wa saratani nao humwaga vitu vyake humo. Vitu hivyo, vinapopimwa, huitwa viashiria.

Kinachojulikana sana kwa saratani ya titi ni CA 15-3, yaani kipande cha protini kinachobanduka kwenye seli na kuingia damuni. Maabara nyingi huhesabu kuwa kimezidi kinapopita uniti 30 hivi katika mililita moja. Lakini pana mitego miwili. Kwanza, uvimbe ukiwa ungali mdogo, mara nyingi kiashiria hiki hakipandi. Mtu ataambiwa yu sawa, kumbe mgonjwa. Pili, ini likiugua, chaweza kupanda na saratani haipo. Maji ya mfereji yakichafuka, utajuaje ni nyumba gani iliyomwaga?

Kazi yake basi ni ipi? Hasa ni kwa mgonjwa ambaye saratani imeshaenea mwilini. Daktari hukipima mara kwa mara, pamoja na picha na hali ya mgonjwa. Kikishuka, yaelekea dawa inafanya kazi. Kikizidi kupanda, huenda ugonjwa unasonga mbele.

Je, damu yaweza kutabiri? Kwa kiasi. Mwaka 2004 wataalamu wa Marekani walichapisha uchunguzi wa wanawake 177 ambao saratani yao ilikuwa imeenea. Walihesabu seli za saratani zinazoelea katika mililita 7.5 za damu, kama kijiko kimoja na nusu cha chai. Kwa waliokutwa na seli 5 au zaidi, nusu walifariki katika miezi 10 hivi. Kwa wenzao, zaidi ya nusu waliishi kupita miezi 18. Lakini hiyo ni hesabu ya kundi, si hukumu ya mtu mmoja. Na mwaka 2014 uchunguzi mwingine ulionyesha kuwa kubadilisha dawa mapema kwa kufuata hesabu hiyo hakukurefusha maisha. Kujua ni kitu, kuponya ni kitu chengine.

Kinundu chenyewe hupigwa picha, kisha hutolewa kinyama kwa sindano kikatazamwe kwa darubini. Kinyama hicho ndicho kinachoonyesha kama saratani inalishwa na homoni, au ina protini ya HER2 kwa wingi, na dawa huchaguliwa kwa hayo. Ukubwa wa uvimbe, na kama umefika kwapani, navyo hueleza mengi juu ya matumaini ya mgonjwa.

Basi wenzangu, mama, shangazi au bibi akikudokezea kuwa ana kinundu, asiishie kupima damu tu. Mfuate mpaka Hospitali Kuu ya Pwani akaangaliwe. Haya isimzuie, aweza kuomba daktari mwanamke. Kinundu kikiwahiwa kingali kidogo, matumaini huwa makubwa. Chelewa chelewa utakuta mwana si wako.