Moshi Mweupe Katika Motokaa Iliyozeeka

Ninyi mlio katika vikundi, sogeeni karibu na redio, na mwandishi wa kikundi awe na kalamu na karatasi, kwa kuwa mwisho wa somo nitatoa maswali matatu ya kuzungumza.

Leo tutasoma habari za moshi mweupe utokao katika bomba la nyuma la motokaa, yaani ekzosi. Pengine mtu atasema, "Mimi si fundi, jambo hili lanihusu nini?" Lakini wako wengi ambao motokaa moja kuukuu ndiyo riziki ya nyumba nzima. Yapeleka ndizi sokoni, yachukua abiria, yalipa ada ya watoto shuleni. Mwenye motokaa kama hiyo akiambiwa kwamba injini imekufa, naye akaamini bila kupima, aweza kutoa akiba yake yote kwa ajili ya kasoro ndogo. Na akiambiwa, "Si kitu, endesha tu," aweza kuipoteza injini iliyokuwa bado yatengenezeka. Kwa hiyo yafaa kila mwenye motokaa ajue kupima mambo machache yeye mwenyewe, ili aendapo kwa fundi awe na la kumweleza.

Kwanza tutofautishe rangi. Moshi mweusi maana yake petroli ni nyingi kuliko hewa. Moshi wa buluu maana yake oili ya injini inaungua, mara nyingi kwa sababu ringi za pistoni au sili za valvu zimelika. Moshi mweupe, katika injini ya petroli, karibu kila mara hutokana na maji, au na kitu kingine cha majimaji kilichoingia ndani ya silinda.

Hata hivyo, si kila weupe ni ugonjwa. Petroli ikiungua huzaa maji. Kila lita moja ya petroli hutoa maji karibu lita moja, nayo hutoka kwa njia ya ekzosi yakiwa mvuke. Bomba likiwa la moto, mvuke huo hauonekani. Lakini asubuhi ya baridi, kama asubuhi za Njombe au Limuru katika mwezi wa Julai, bomba ni baridi, na mvuke hugeuka kuwa ukungu, kama pumzi ya mtu itokapo kinywani. Ukungu huu ni mwepesi, hupotea karibu na bomba, na injini ikipata moto hukoma. Tena ujue kwamba mafundi wengi wana desturi ya kuitoa themostati na kuitupa. Injini isiyo na themostati hukawia kupata moto, hula petroli zaidi, na ukungu wake huendelea kwa muda mrefu. Basi uliza kwanza kama themostati yako ipo.

Moshi wa kuogopwa ni ule mzito, unaoelea hewani nyuma ya motokaa, nao hauishi hata baada ya mwendo wa kilometa kumi. Huo watokana na maji ya rejeta yaliyopenya mpaka kwenye moto.

Yapenyaje? Fikiri injini kama sufuria na kifuniko chake. Sufuria ni bloku, ambamo pistoni hupanda na kushuka. Kifuniko ni hedi. Katikati yao pana gasketi, ambayo kazi yake ni kutenga vitu vitatu visikutane: moto, maji na oili. Chukueni mfano wa Peugeot 504, motokaa iliyotoka kiwandani mara ya kwanza mwaka 1968 na kuzoeleka sana katika barabara za Afrika. Katika zile za petroli zenye silinda nne, bloku ni ya chuma na hedi ni ya alumini. Alumini ikipata moto hutanuka karibu mara mbili kuliko chuma. Injini ikichemsha kupita kiasi, hedi hupinda, gasketi huachia, na maji hupata njia. Pengine hedi yenyewe hupasuka.

Sasa tuje kwenye vipimo. Vyote vifanyeni nje, mahali penye hewa, kamwe si ndani ya banda lililofungwa. Katika moshi wa ekzosi mna hewa ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, nayo huua.

Kipimo cha kwanza ni maji. Fungua kifuniko cha rejeta asubuhi, injini ikiwa imepoa kabisa. Usikifungue injini ikiwa ya moto, hata kama una haraka. Mahali palipoinuka kama Nairobi, maji katika sufuria ya wazi huchemka yafikapo kama nyuzi 94 za Selsiasi. Katika rejeta maji hukandamizwa na nguvu ya kifuniko, kwa hiyo yaweza kupita nyuzi 100 bila kuchemka. Ukikifungua, nguvu ile huondoka, maji huchemka mara moja na kuruka usoni. Basi, injini ikiwa baridi, jaza maji na utie alama. Endesha siku tatu, ukipima kila asubuhi. Kama yanapungua, tazama mipira ya maji, pampu, na ardhi chini ya motokaa. Kama hakuna mahali palipolowa, na moshi mweupe unaendelea, yaelekea maji yanaingia silindani.

Kipimo cha pili ni oili. Vuta kijiti cha kupimia oili. Kama oili imekuwa nyeupe kama chai ya maziwa, maji yamechanganyika nayo. Lakini msifanye haraka kuhukumu kwa utando mweupe kidogo ulio chini ya kifuniko cha kujazia oili. Motokaa inayokwenda safari fupi fupi wakati wa baridi hupata utando huo kwa jasho la injini tu. Tena, oili ikiwa safi haithibitishi kwamba gasketi ni nzima, maana yaweza kuachia kati ya maji na moto, bila kugusa njia ya oili.

Kipimo cha tatu ni viputo. Injini ikiwa baridi, acha rejeta wazi, washa, na utazame maji. Viputo vichache vya mwanzo ni hewa iliyokuwa imebaki ndani. Viputo vikiendelea bila kukoma, na kuongezeka unapokanyaga mafuta, ni moshi wa silinda unaopita ndani ya maji. Zima injini kabla haijapata moto.

Kipimo cha nne ni plagi. Zitoe zote na kuzipanga kwa utaratibu wa silinda zake. Silinda inayoingiza maji, plagi yake huonekana safi kuliko wenzake, kana kwamba imeoshwa.

Fundi mwenye vyombo aweza kupima zaidi. Yuko apimaye nguvu ya mgandamizo katika kila silinda. Silinda mbili zilizo jirani zikiwa dhaifu, gasketi imeachia kati yao. Kiko pia kichupa chenye dawa ya buluu kiwekwacho juu ya rejeta. Moshi wa silinda ukipita humo, dawa hugeuka rangi ya manjano.

Sasa sikilizeni jambo ambalo wengi hulisahau. Motokaa nyingi za zamani zina busta ya breki inayovutwa na injini. Sili ya nyuma ya silinda kuu ya breki ikiharibika, mafuta ya breki hunyonywa mpaka ndani ya injini na kutoa moshi mweupe mzito. Maji ya rejeta hayapungui hata kidogo, lakini mafuta ya breki yanapungua, wala hayaonekani kumwagika popote. Mtu kama huyo aweza kufunguliwa hedi bure, akalipa, kisha akatelemka mlima bila breki. Kwa hiyo tazama kopo la mafuta ya breki kabla ya kukubali injini ifunguliwe.

Kwa injini ya dizeli, moshi mweupe wenye harufu kali inayowasha macho, hasa asubuhi, mara nyingi ni dizeli isiyoungua. Sababu yaweza kuwa plagi za kupasha moto, nozeli, majira ya pampu, au mgandamizo uliopungua.

Tuseme vipimo vimeonyesha kwamba maji yanaingia silindani. Usiendelee na safari. Maji hayagandamiziki kama hewa. Yakijaa silindani usiku, nawe asubuhi ukapiga stata, pistoni itagonga maji, na konrodi yaweza kupinda. Hapo kazi ya gasketi imegeuka kuwa kazi ya injini nzima. Wala usitegemee yai au unga wa bizari katika rejeta. Pengine tundu litazibika kwa siku chache, lakini na njia nyembamba za rejeta zitazibika pia, na injini itachemsha zaidi.

Fundi akifungua hedi, mwombe mambo manne. Uso wa hedi upimwe kwa rula ya chuma iliyonyooka, na ukiwa umepinda usawazishwe kwa mashine. Hedi ipimwe kama ina ufa. Gasketi iwe mpya, na bolti zikazwe kwa spana ya kupimia nguvu, kwa hatua na utaratibu ulioandikwa katika kitabu cha motokaa hiyo. La nne, kiini cha kuchemsha kitafutwe: mkanda wa feni, pampu, au rejeta iliyoziba. Bila hivyo gasketi mpya itaungua kama ile ya kwanza. Na kama ni 504 ya petroli, laina za silinda zimekaa ndani ya maji. Hedi ikiwa imetolewa, krankshafti isizungushwe kabla laina hazijabanwa, kwani zikiinuka, sili za chini huharibika na maji hushuka kwenye oili.

Mwisho, dawa ya rejeta iitwayo ethilini glikoli ni tamu, nayo ni sumu. Msiionje kwa kupima, na msiiache katika karai, maana watoto na wanyama huivutiwa.

Maswali kwa vikundi ni haya. La kwanza, motokaa yatoa moshi mweupe asubuhi kwa dakika tatu, kisha wakoma, na maji hayapungui; mtamshauri nini mwenyewe? La pili, moshi hauishi, maji ni kamili, mafuta ya breki yamepungua. Kasoro iko wapi? La tatu, kwa nini haitoshi kubadili gasketi peke yake?

Zungumzeni polepole, na kila mtu apewe nafasi ya kusema. Kwaherini.