Pete Iliyokosa Grisi Angani

Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu huzunguka dunia kwa kimo cha kilomita 400 hivi, na mzunguko mmoja huchukua dakika 90. Sehemu kubwa ya umeme wake hutoka kwenye mabawa 8 makubwa ya paneli za sola, kila moja na urefu wa mita 35 hivi, na ili yapate mwanga vizuri lazima yalifuate jua muda wote. Kazi ya kuyageuza imeachiwa viungo viwili, kimoja kila upande wa kituo. Ndani ya kila kiungo kuna pete ya chuma cha pua yenye kipenyo kinachozidi mita 3, iliyochongwa meno. Mota inazungusha gia ndogo, gia ndogo inasukuma meno ya pete, na mabawa manne yanageuka kwa pamoja, duara moja kamili kila baada ya dakika 90.

Mtu aliyezoea gia za lori ataona hiyo ni kazi nyepesi. Kasi ni ndogo mno na mabawa yanaelea, hayana uzito wa kuielemea pete. Tena huko juu hakuna vumbi wala matope. Lakini ndiko gia hufa kwa sababu ambayo huku chini haitupi taabu sana, nayo ni ukavu.

Oili ya kawaida ikiwekwa kwenye ombwe, yaani mahali pasipo hewa, huanza kugeuka mvuke na kupotea, na mvuke wake huenda kuganda juu ya lenzi na paneli zilizo karibu. Hilo ni nusu tu ya tatizo. Hapa duniani kila kipande cha chuma kimevaa ngozi nyembamba inayotokana na oksijeni ya hewani. Meno mawili yakisuguana ngozi hiyo inachubuka, kisha inajirudi yenyewe. Kwenye ombwe ikishachubuka haijirudi. Chuma tupu hukutana na chuma tupu, na vikibanwa vya kutosha hushikana kana kwamba vimechomelewa, bila moto wowote.

Juu ya hayo kuna joto na baridi. Upande unaopigwa na jua hufika nyuzi 120 za Selsiasi, na ulio kivulini hushuka hadi zaidi ya nyuzi 150 chini ya sifuri. Pete ya kipenyo hicho ikibadilika joto kwa nyuzi 100 tu, kipenyo chake hubadilika kwa zaidi ya milimita 3. Meno yakibana mno, mota inakwama. Yakiwa na nafasi kubwa, gia inacheza na mabawa marefu yanaanza kuyumba. Mhandisi hupewa nafasi finyu ya kukosea, na baada ya chombo kuruka hawezi kurudi na spana kurekebisha.

Ukavu huo ulishaleta hasara. Mwaka 1991 chombo cha Galileo, kilichokuwa njiani kwenda sayari ya Mshtarii, kilishindwa kufungua antena yake kubwa iliyokunjwa. Wataalamu walihitimisha kuwa kilainishi kikavu kwenye baadhi ya mbavu zake kilikuwa kimesuguka na kwisha, kwa sehemu kutokana na kusafirishwa kwa lori kati ya California na Florida. Matokeo ya utafiti wa miaka mingi yalitumwa duniani kupitia antena ndogo, kwa mwendo wa kinyonga.

Kwenye Kituo cha Kimataifa nako, kiungo cha upande wa kulia kilipelekwa Juni 2007. Haikupita hata miezi minne, mota ikaanza kula umeme kupita kawaida na mabawa yakawa na mtetemo. Oktoba mwaka huo mwanaanga Daniel Tani alitoka nje, akafunua kifuniko kimoja na kukuta unga wa chuma umetapakaa ndani. Alichukua sampuli kwa kuibandika kwenye utepe wa gundi. Fundi yeyote wa gereji anayemwaga oili ya giaboksi na kuona vichembe vinang'aa anajua maana yake: kuna kitu kinajisaga.

Kilichokuwa kinajisaga ni pete yenyewe, ingawa si kwenye meno. Pete hushikiliwa na seti 12 za beringi, kila seti na roli tatu zinazotembea juu ya nyuso tatu za pete. Roli zilikuwa zimepakwa dhahabu nyembamba, ambayo ni laini na hutumika kama kilainishi kikavu. Kwenye baadhi yake dhahabu ilibanduka. Msuguano ukapanda, roli zikainama kidogo, na badala ya kulala bapa zikawa zinakanyaga pete kwa ukingo. Uso wa pete ulikuwa umefanywa mgumu kwa naitrojeni, lakini tabaka hilo gumu ni jembamba sana. Likapasuka na kumomonyoka.

Tiba ilikuja Novemba 2008, na ilikuwa kazi ya mikono. Heidemarie Stefanyshyn-Piper, Steve Bowen na Shane Kimbrough walitoka kwa zamu, wakafuta unga, wakakwangua mabaki, wakabadilisha beringi na kupaka grisi maalumu isiyogeuka mvuke kwa urahisi kwenye ombwe. Siku ya kwanza bomba moja la grisi lilivuja ndani ya mfuko wa vifaa wa Stefanyshyn-Piper. Alipokuwa akifuta uchafu huo mfuko ukamponyoka ukaenda zake, na vifaa vyenye thamani ya takriban dola 100,000. Ikabidi atumie vya Bowen kwa kupokezana. Mfuko uliizunguka dunia hadi Agosti 2009, ulipoteketea ukiingia angahewa.

Baada ya grisi, matumizi ya umeme ya mota yalishuka na kiungo kikarudi kulifuata jua. Kiungo cha kushoto, ambacho hakikuwa na jeraha la namna hiyo, nacho kilipakwa kwa tahadhari, kisha kikaongezewa grisi Mei 2011.

Kwa maoni yangu, hapa wabunifu walijihadhari kwa upande mmoja tu. Waliweka mota mbili kwenye kila kiungo, ili moja ikifa nyingine ishike kazi. Waliweka hata pete ya pili ya akiba. Lakini uhai wa pete waliutegemeza juu ya tabaka la dhahabu lisiloonekana kwa urahisi, bila njia nyepesi ya kuongeza kilainishi, hadi watu wakalazimika kuvaa mavazi ya anga na kwenda kukipaka kwa mkono. Anayebuni gia ya kituo kijacho aanze na swali la grisi: itaingilia wapi, na nani ataiongeza baada ya miaka kumi.