Ruta Inayojihamisha Kutoka WiFi Moja Hadi Nyingine

Ruta ya nyumbani hupokea intaneti upande mmoja na kuigawa upande wa pili. Wengi wamezoea upande wa kupokea uwe waya: faiba iliyopitishwa ukutani au modemu ya kampuni ya simu. Lakini ruta nyingi zinaweza pia kupokea kwa hewa, zikajiunga na WiFi nyingine kama simu inavyojiunga. Chanzo kinaweza kuwa WiFi ya ofisi ya jirani aliyekubali kuchangia gharama, ya hoteli, au hotspoti ya simu iliyowekwa dirishani. Ruta ikishaipata, huigawa upya kwa jina lake na nenosiri lake.

Faida ya mpango huu inaonekana chanzo kinapobadilika. Printa, kamera ya getini na televisheni hujua WiFi moja tu, ile ya ruta. Chanzo kinaweza kubadilishwa mara kumi kwa siku bila mtu kugusa kifaa hata kimoja, na kinachobaki ni kumwondoa binadamu katika kazi ya kubadilisha. Ruta iwe na orodha ya vyanzo, ikikikosa cha kwanza ihamie cha pili, na cha kwanza kikirudi irejee. Kuhama kwenyewe ni jambo dogo. Ugumu uko katika kujua kwamba chanzo kimekufa, maana WiFi ina namna nyingi za kufa huku taa zote za kijani zikiwaka.

Namna rahisi kutambulika ni kupotea kwa mawimbi. Kila kituo cha WiFi hutangaza jina lake karibu mara kumi kwa sekunde, na ruta inayotafuta chanzo hupita chaneli moja baada ya nyingine ikisikiliza matangazo hayo. Nguvu yake hupimwa kwa dBm, kipimo chenye namba hasi: −50 ni mawimbi mazuri sana, −67 yanatosha kwa mazungumzo ya video, −80 ni ya kubahatisha. Namba hizo hudanganya jicho. Kila tofauti ya 10 ni mara kumi ya nguvu, kwa hiyo kutoka −50 hadi −80 nguvu imepungua mara elfu moja. Hii ndiyo sababu ruta iliyosogezwa kutoka nyuma ya kabati hadi dirishani hubadilika kana kwamba imenunuliwa mpya.

Kabla ya programu, kuna suala la redio zilizomo ndani ya kifaa. Ruta ya bei ndogo mara nyingi ina redio moja tu, na redio moja hufanya kazi kwenye chaneli moja kwa wakati mmoja. Ikipokea WiFi ya jirani kwenye chaneli ya 6, italazimika kuigawa nyumbani kwenye chaneli hiyohiyo ya 6. Kila pakiti inapita hewani mara mbili, mara ya kwanza ikiingia na mara ya pili ikitoka, na kasi hushuka hadi karibu nusu. Hasara ya pili inakera zaidi. Chanzo kikipotea, redio huanza kuzungukia chaneli zote ikikitafuta, na WiFi ya nyumbani huyumba nayo. Katika mipangilio mingi WiFi ya nyumbani haiwaki kabisa mpaka chanzo kipatikane, na mwenye ruta anajikuta amefungiwa nje ya kifaa chake, akitafuta waya wa Ethernet ili aingie kukirekebisha.

Kwa hiyo ruta yenye redio mbili inastahili gharama yake. Redio ya GHz 2.4 hupewa kazi ya kupokea, kwa sababu masafa hayo hupenya kuta vizuri zaidi na hufika mbali, na ya GHz 5 hupewa kazi ya kugawa ndani ya nyumba. Kuna tahadhari moja. Sehemu ya chaneli za GHz 5, kuanzia ya 52, inatumiwa pia na rada, na ruta inatakiwa kusikiliza kwa angalau dakika moja kabla ya kurusha chochote humo. Anayechagua chaneli hizo asishangae WiFi ikichelewa kuonekana kila ruta inapowashwa. Chaneli za 36 hadi 48 hazina sharti hilo.

Programu ya kiwandani ya ruta nyingi huruhusu chanzo kimoja tu cha WiFi. Wanaotaka zaidi hugeukia OpenWrt, mfumo huria uliojengwa juu ya Linux, na asili yake ni kisa kizuri katika historia ya vifaa hivi. Mwishoni mwa mwaka 2002 kampuni ya Linksys ilitoa ruta iitwayo WRT54G. Watumiaji waligundua kwamba ndani yake kulikuwa na Linux, ambayo leseni yake inamtaka anayeisambaza atoe pia msimbo wake. Msimbo ulitolewa mwaka 2003, wapenzi wa kompyuta wakaanza kuuchezea, na mwaka 2004 OpenWrt ikazaliwa. Leo inawekwa kwenye mamia ya aina za ruta, na baadhi ya ruta ndogo za safari, zenye ukubwa wa visanduku vichache vya viberiti, huuzwa zikiwa tayari na mfumo uliotokana nayo.

Ndani ya OpenWrt kuna njia mbili kuu za kuhama, na kuzichanganya ndiko kunakopoteza wengi. Ya kwanza ni Travelmate. Hii hufaa pale redio moja ya kupokea inapotakiwa kuchagua kati ya WiFi kadhaa. Mtumiaji huorodhesha majina na nenosiri kwa mpangilio anaoupenda. Programu hujaribu la kwanza, likishindikana linafuata la pili, na hupuuza mtandao ambao mawimbi yake yako chini ya kiwango kilichowekwa. Inaweza pia kuamriwa iendelee kupekua hewa hata ikiwa imeungana, ili mtandao wa juu kwenye orodha ukitokea ihamie huko. Njia hii ina pengo: kuacha mtandao mmoja, kuungana na mwingine na kupata anwani mpya huchukua sekunde kadhaa, na muda huo nyumba nzima haina intaneti.

Njia ya pili ni mwan3, nayo hutaka vyanzo vyote viwe vimeungana kwa wakati mmoja. Kimoja kinaweza kuwa faiba kwa waya na kingine hotspoti kwa WiFi. Kila chanzo hupewa namba ya kipaumbele, ndogo ikishinda kubwa, tuseme 10 kwa faiba na 20 kwa hotspoti. Namba hizo zisifanane, kwani zikifanana mwan3 haitafanya kazi ipasavyo. Kwa kuwa njia ya akiba iko wazi tayari, kuhama ni suala la kubadilisha mwelekeo wa pakiti tu. Mwenye waya na WiFi achukue hii. Mwenye WiFi pekee na redio moja ya kupokea abaki na Travelmate.

Sasa swali la kifo. Ruta inaweza kuwa imeungana na WiFi yenye mawimbi ya −45, ikapewa anwani ya IP, na bado hakuna intaneti, kwa sababu tatizo liko mbele zaidi: faiba ya mwenye WiFi imekatwa na wachimba mtaro, au bando la simu limeisha. Kupima mawimbi hakutambui hilo. Kupima kama kituo cha jirani kinajibu hakutambui pia, kwani kituo kiko hai na kinajibu vizuri. Kipimo lazima kitoke nje hadi kwenye intaneti yenyewe, na kipitie chanzo kile kinachopimwa wala si kingine.

mwan3 hufanya hivyo kwa kutuma ping, yaani pakiti ndogo ya kuuliza kama aliye upande wa pili yupo, kwenye anwani za nje zilizochaguliwa. Anwani moja haitoshi. Ikitumika 8.8.8.8 ya Google peke yake, siku itakapogoma kujibu ruta itatangaza msiba usiokuwepo. Afadhali ziwe mbili au tatu za wamiliki tofauti, kwa mfano kuongeza 1.1.1.1 ya Cloudflare, na chanzo kihesabiwe kizima iwapo walau moja imejibu.

Hata ping ina upofu wake. WiFi za hoteli na viwanja vya ndege huweka ukurasa wa kuingia, unaodai namba ya chumba au kukubali masharti. Kabla ya hapo ping inaweza kupita, lakini kila ombi la tovuti huelekezwa kwenye ukurasa huo, kwa hiyo ruta inapata jibu, ila si jibu lililoombwa. Dawa yake ni kuomba ukurasa unaojulikana kurudisha jibu tupu, lenye namba 204. Kikirudi kitu kingine, kuna mtu katikati. Simu za Android hutumia mbinu hii, na Travelmate nayo huchunguza kurasa za aina hiyo. Kinga ya DNS (mfumo wa kugeuza majina ya tovuti kuwa anwani) iliyomo ndani ya OpenWrt wakati mwingine huuzuia ukurasa wa hoteli usifunguke, kwa kuwa majina yake huelekeza kwenye anwani za ndani. Ikibidi, huzimwa kwa muda.

Baada ya kupima huja uvumilivu. Ping moja ikipotea si ushahidi, kwani WiFi hupoteza pakiti kila siku. Ruta inayohama kwa kosa moja itahama na kurudi mchana kutwa, na kila safari itaumiza kuliko hitilafu yenyewe. Ruta inayosubiri dakika tano nayo haina maana. Mpangilio wa wastani ni kupima kila sekunde 5 na kutangaza kifo baada ya makosa matatu mfululizo, yaani kama sekunde 15. Kurudi kuwe kugumu zaidi kuliko kuondoka: chanzo kikuu kijibu mara kumi mfululizo ndipo kiaminiwe tena, maana chanzo kinachofufuka mara nyingi hufa tena mara mbili tatu kabla ya kutulia. Anayehama kwa kufuata mawimbi aweke pengo vilevile. Aondoke yakishuka chini ya −78, arudi yakipanda juu ya −70.

Kuhama kuna gharama ambayo hakuna mpangilio unaoifuta kabisa. Mawasiliano mengi ya intaneti hutambulika kwa anwani za pande zote mbili, na chanzo kikibadilika anwani ya nje ya nyumba hubadilika nayo. Faili lililokuwa likishuka hukatika, tovuti ya benki inaweza kumtaka mteja aingie upya, na simu ya WhatsApp hunyamaza kabla ya kurejea. Itifaki ya QUIC, iliyokamilishwa kama kiwango mwaka 2021, hubeba kitambulisho kisichotegemea anwani, kwa hiyo imebuniwa kustahimili mabadiliko hayo. Suluhisho pana zaidi ni kuweka programu ya WireGuard kwenye ruta: mawasiliano yote hupita kwenye handaki hadi seva moja ya nje, na anwani zinazoonekana upande wa pili hubaki zilezile hata chanzo kikihama. mwan3 nayo ina kipengele cha kufuta kumbukumbu za mawasiliano ya zamani chanzo kinapokufa. Kisipowashwa, baadhi ya programu zitaendelea kubisha hodi kwenye mlango uliofungwa.

Kosa la kwanza la wanaoanza ni la anwani. Ruta nyingi hutoka kiwandani na anwani 192.168.1.1. Ruta ikijiunga na WiFi inayotumia 192.168.1 pia, haitaweza kutofautisha nje na ndani, na hakuna kitakachopita ingawa pande zote mbili zinasema zimeungana. Ruta ya nyumbani ipewe anwani isiyo ya kawaida, kama 192.168.73.1, kabla ya kazi nyingine yoyote. Hotspoti ya simu nayo iwekewe kikomo: ruta ikihamia huko, kompyuta hazijui kwamba sasa zinatumia bando, na masasisho ya Windows yanaweza kulimaliza kabla ya alasiri. OpenWrt inaweza kuwekewa masharti ili televisheni isiruhusiwe kutumia njia ya akiba. WiFi isiyo na nenosiri isiingizwe kwenye orodha, kwani mtu yeyote anaweza kuwasha kituo chenye jina hilohilo, na ruta inayohama yenyewe haitauliza ni cha nani.

Njia mbili zinasaidia tu kama haziangukii shimo moja. Faiba ya kampuni moja na simu ya kampuni hiyohiyo hufa pamoja mara nyingi. Na juu ya kampuni kuna mikongo: tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya chini ya bahari ya EASSy na Seacom ilikatika karibu na Afrika Kusini, na nchi kadhaa za Afrika Mashariki, Tanzania ikiwa miongoni mwa zilizoumia zaidi, zikabaki na intaneti dhaifu au bila intaneti. Katika siku kama hiyo ruta inaweza kuhama kati ya mitandao mitatu na kukuta yote imepata pigo lilelile. Umeme ndio shimo la karibu zaidi. Ruta nyingi ndogo hutumia volti 12 au 5, na betri ndogo ya akiba inatosha kuziweka hai saa kadhaa, alimradi kisanduku cha faiba nacho kichomekwe humo.

Jaribio la mwisho hufanywa kwa kuharibu kwa makusudi, na kuzima ruta ya chanzo ndilo jaribio jepesi mno, kwani mawimbi hupotea na kila programu hulitambua. Lililo gumu ni kuiacha ikiwaka na kuchomoa faiba nyuma yake, kisha kuhesabu sekunde hadi tovuti ifunguke kupitia njia ya pili. Baadaye faiba irudishwe, ichomolewe baada ya sekunde ishirini, irudishwe tena. Ikiwa ruta ilikimbilia faiba mara ya kwanza iliporudi, hesabu ya kurejea iongezwe. Kumbukumbu za matukio, zinazosomwa kwenye ukurasa wa usimamizi wa ruta, zitaonyesha saa na sababu ya kila kuhama.