Waya wa kutuliza maumivu ya mgongo: Kwa nini daktari hukuamsha katikati ya kazi

Mgonjwa anayeambiwa kwamba maumivu yake ya mgongo yanaweza kutulizwa kwa waya wenye umeme mdogo, swali lake la kwanza huwa moja: je, nitapooza?

Waya huo hauingii ndani ya ugwe mgongo, yaani ule mkanda wa neva unaotoka kwenye ubongo na kupita katikati ya pingili. Unalazwa nje ya utando unaoufunika, katika nafasi nyembamba ileile ambayo akina mama huwekewa ganzi ya kupunguza uchungu wa kuzaa. Madhara makubwa, kama damu kuvujia hapo na kubana neva, ni nadra, lakini yapo. Kwa hiyo mweleze daktari mapema kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, una kisukari au huenda una ujauzito. Usiache dawa yoyote kwa uamuzi wako.

Tiba hii ilianza kwa Dk. Norman Shealy nchini Marekani mwaka 1967. Haiponyi chanzo cha maumivu. Hupunguza ishara za maumivu, hasa yale ya neva, kama kwa mtu aliyefanyiwa upasuaji wa mgongo lakini mguu ukaendelea kuwaka moto.

Utalala kifudifudi, mto ukiwa chini ya tumbo. Mashine ya eksirei inayoonyesha picha moja kwa moja huzungushwa kando ya kitanda. Baada ya ganzi ya ngozi, sindano huingizwa kiunoni kwa mlalo, si wima, ili waya uteleze kuelekea juu. Daktari huutazama kwenye skrini ukipanda.

Picha ya kutoka mgongoni peke yake inaweza kudanganya. Waya utaonekana umenyooka katikati, kumbe umepita mbele ya ugwe badala ya nyuma yake. Hivyo mashine hugeuzwa na kupiga picha ya ubavuni. Msishangae pia kuona ncha ikifikishwa kwenye pingili ya 8 au ya 9 ya kifua ilhali kinachouma ni mguu: neva za mguu hupita hapo zikielekea kwenye ubongo.

Kisha unaamshwa, umeme unawashwa, unaulizwa unausikia wapi. Ni hisia kama ya sisimizi wakitembea, na inatakiwa ifunike mahali panapouma. Ikija mbavuni, waya husogezwa, pengine milimita chache tu. Hapa adabu yetu ya kuitikia “ndiyo, daktari” inatuponza. Skrini haionyeshi unachohisi. Kama mguu wa kushoto haujaguswa, sema. Zipo mashine za masafa ya juu zisizoleta hisia hiyo. Kwa hizo waya hupangwa kwa kufuata pingili, na huenda usiamshwe.

Unafuata muda wa majaribio, mara nyingi kama wiki moja, betri ikiwa nje ya mwili. Kipimo cha kawaida ni maumivu kupungua kwa nusu au zaidi. Anayekuuguza aandike: umelala saa ngapi, umetembea hadi wapi, umekunywa dawa ngapi. Usiseme umepata nafuu kwa sababu tu ndugu wamechanga fedha. Jaribio likishindwa, waya huvutwa na kutolewa bila upasuaji. Likifaulu, betri huzikwa chini ya ngozi, kwa kawaida juu ya tako.

Tatizo linalojirudia zaidi baadaye ni waya kuhama. Kwa wiki 6 hivi usiiname kufua, usijipinde, usibebe ndoo wala mtoto mgongoni. Hisia ikihamia pengine ghafla, rudi kliniki. Eksirei itaonyesha kama waya umesogea. Ila miguu ikilegea, mkojo ukikataa kutoka, ukipata homa au kidonda kikitoa usaha, nenda hospitali siku hiyohiyo. Na kabla ya kipimo chochote cha MRI, onyesha kadi ya kifaa chako, kwa kuwa si vyote vinavyoruhusiwa kuingia kwenye mashine hiyo.