Mtungi wa Oksijeni na Ukaguzi Wake Kisiwani

Mtoto mwenye homa ya mapafu anapofikishwa hospitalini Wete au Mkoani usiku wa manane, mbavu zikididimia kila avutapo pumzi, uhai wake hutegemea mtungi wa chuma uliosimama kando ya kitanda. Mtungi wenye ujazo wa lita 40, ukijazwa hadi shinikizo la baa 150, hubeba takriban lita 6,000 za oksijeni. Mtoto apewaye lita 2 kwa dakika hutumia mtungi huo kwa saa 50. Mtu mzima ahitajiye lita 10 huumaliza kwa saa 10. Geji ikionesha nusu, muda nao umebaki nusu. Hesabu hii ina uzito zaidi Pemba, ambako mtungi wa badala huenda ukalazimika kuvushwa bahari.

Shinikizo hilo ni zaidi ya mara 60 ya lile la tairi la gari dogo. Kinachoizuia gesi isilipuke ni ukuta wa chuma, na adui wa chuma ni kutu. Upepo wa bahari huleta chumvi, na chumvi hushika unyevu. Hivyo mtungi uliowekwa nje, ukasimamishwa juu ya udongo, huliwa zaidi kwenye kitako, mahali ambapo ni nadra mtu kupatazama. Ukaguzi na uanzie hapo. Baada ya kitako hutazamwa mibonyeo, mikwaruzo yenye kina, alama za kuungua na shingo ya vali. Rangi mpya isimdanganye mkaguzi: mara nyingine hufunika kilichopaswa kuonekana. Wala rangi peke yake isitumike kuitambua gesi, kwani mitungi ya oksijeni huweza kuwa myeupe yote, au myeusi yenye mabega meupe, kutegemea ilikotoka. Lebo ndiyo isomwayo.

Hata hivyo, jicho halioni ndani. Mtungi ulioachwa wazi baada ya kwisha huingiza hewa yenye unyevu, na kutu huanza upande wa ndani. Ndiyo sababu vali hufungwa gesi kidogo ingali imebaki. Unene na uimara wa ukuta hupimwa kiwandani kwa maji: mtungi hujazwa maji, kisha husukumwa hadi kiasi cha mara moja na nusu ya shinikizo lake la kazi. Maji hayabanwi kwa urahisi kama gesi. Mtungi ukipasuka, hautoi mlipuko mkubwa. Ukitanuka usirejee ipasavyo katika ukubwa wake, hauna kazi tena. Tarehe ya jaribio hugongwa begani, na muda wa kurudia huwa miaka 5 au 10 kulingana na aina ya mtungi na kanuni zinazofuatwa. Mhudumu asiye na chombo chochote aweza kuisoma tarehe hiyo kwa tochi. Iliyopita muda, mtungi haujazwi tena.

Uvujaji hutafutwa kwa povu la sabuni kwenye maungio, kamwe si kwa kiberiti. Vali iliyokaza hailainishwi kwa mafuta yoyote, yawe ya mashine au ya nazi, kwa kuwa mafuta yakikutana na oksijeni yenye shinikizo huweza kuwaka yenyewe. Mikono iliyopakwa mafuta hunawishwa kwanza. Jamaa wa mgonjwa nao wana sehemu yao: oksijeni haiungui, lakini huchochea moto, hujipenyeza katika nguo na shuka, na cheche ndogo huwa mwako mkubwa. Chetezo cha udi, kinachopendwa sana katika chumba cha mzazi, hakina nafasi karibu na mtungi, wala sigara.

Matangi makubwa ya oksijeni ya kimiminika yana namna yake. Ndani mna ubaridi wa nyuzi 183 chini ya sifuri, na kati ya kuta mbili hewa imeondolewa ili joto lisipenye. Mabaka ya barafu kwenye ukuta wa nje huashiria kwamba kinga hiyo imeharibika. Fundi huitwa siku hiyo hiyo.

Mtungi uliokataliwa hufungwa kibandiko chenye sababu na tarehe, ukatengwa na mizima, ukafungwa mnyororo usianguke. Usipotengwa, usiku wa dharura mtu mwenye haraka atauchukua.