Kabla ya Kulipia Miguu Inayouma

Anayeshinda amesimama nyuma ya kaunta, darasani au jikoni hotelini hufika jioni akiwa tayari kumlipa yeyote atakayemshika miguu. Saluni za mijini zinalijua hilo, na kwenye orodha zao za bei riflekisolojia na pedikyua hukaa jirani, mteja achague kwa kutazama mfuko wake. Lakini huduma hizi mbili hazigusi kitu kimoja. Pedikyua ni ya ngozi na kucha. Riflekisolojia, kwa kadiri inavyosaidia, ni ya misuli iliyo chini ya ngozi. Asiyejua maumivu yake yamekaa wapi anaweza kulipia zote mbili na bado akarudi nyumbani akichechemea.

Tuanze na riflekisolojia, maana ndiyo yenye ahadi kubwa. Wenye fani hii hufundisha kwamba wayo ni ramani ya mwili mzima: vidole ni kichwa, ukingo wa ndani ni uti wa mgongo, katikati kuna ini, tumbo na figo. Ukibinya mahali pake, wanasema, kiungo husika hupata nafuu. Ramani hiyo hunadiwa kama hekima ya kale ya Mashariki, ila sura yake ya sasa ilichorwa Marekani. William Fitzgerald, daktari wa masikio, pua na koo, aliugawa mwili katika kanda kumi, na kitabu alichoandika na mwenzake juu ya nadharia hiyo kikatoka mwaka 1917. Katika miaka ya 1930 Eunice Ingham, mtaalamu wa tiba ya viungo, akazihamishia kanda hizo nyayoni. Hakuna mshipa uliokwisha kuonyeshwa unaotoka kwenye nukta ya unyayo kwenda kwenye ini. Edzard Ernst alipoyapitia majaribio 18 ya kitabibu mwaka 2009, alihitimisha kuwa hayatoi ushahidi wa kuridhisha kwamba riflekisolojia inatibu ugonjwa wowote.

Waliowahi kubinywa watauliza: mbona natoka pale nimepata nafuu? Nafuu hiyo ni ya kweli, wala simwambii mtu kwamba ameiota. Mguu mmoja, kuanzia kifundo kwenda chini, una mifupa 26, na kuna misuli midogo inayousaidia upinde wa unyayo kubeba uzito wa mwili. Misuli hiyo ikishikwa na mkono wenye ujuzi, mwenyewe amejilaza na simu iko mbali, hulegea. Masaji yoyote nzuri ya miguu hufanya hivyo hivyo, tena pengine kwa bei ndogo. Kwa hiyo lipia mkono, usilipie ramani. Na mhudumu akikubinya katikati ya unyayo, ukaguna, kisha akakuambia figo zako zina matatizo, jua kwamba hajakupima kitu.

Pedikyua nayo imeonewa kwa upande mwingine: inahesabiwa urembo, na wanaume wengi huipita wakicheka. Sugu nene chini ya dole gumba huikandamiza nyama kila hatua, kama kokoto lililosahaulika ndani ya kiatu. Magaga yakipasuka sana hutoa damu na kuacha mlango wazi kwa vijidudu. Kucha iliyokatwa kwa kuzungushwa pembeni inaweza kuota ikichimba nyama. Hapo hata masaji ya saa nzima haitaondoa chanzo, ila kuloweka kwa muda mfupi, kusugua kwa jiwe taratibu, kupaka mafuta na kukata kucha kwa mstari ulionyooka kunaweza kuleta nafuu kubwa.

Hatari ya pedikyua iko kwenye beseni na vyuma. Mwaka 2000, huko California, zaidi ya wateja 100 wa saluni moja waliota majipu miguuni. Bakteria aliyehusika, Mycobacterium fortuitum, alikutwa kwenye mabeseni yenye pampu, ambako nywele na mabaki ya ngozi yalikuwa yamejaa nyuma ya kichujio. Walionyoa miguu kabla ya kwenda walikuwa hatarini zaidi. Beseni la kawaida la plastiki halina pampu, na hilo ni jema, mradi lisuguliwe kwa sabuni na dawa na maji yabadilishwe kwa kila mteja. Jiwe na kikatio cha kucha beba vyako. Wembe wa kukwangulia kisigino ukataeni bila aibu, wewe na yeyote unayemsindikiza.

Wapo watakaosema kwamba yote haya ni starehe, hata isipotibu haidhuru. Kwa mtu mwenye afya, sawa. Mwenye kisukari aliyepoteza hisia miguuni anaweza kuunguzwa na maji ya moto asijue, na kidonda kidogo cha saluni kikamfikisha kwenye kukatwa mguu. Huyo sugu zake zikatwe kliniki. Mguu mmoja ukivimba ghafla, ukauma kwenye shavu la mguu na kuwa wa moto, huenda damu imeganda kwenye mshipa. Usiubinye wala usikubali ukandwe. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Kisha kuna maumivu yanayowapeleka wengi saluni bure: kisigino kinachochoma unapokanyaga sakafu asubuhi, kikapoa kidogo ukishatembea. Mara nyingi tatizo ni utepe mgumu unaotoka kisigino kwenda vidoleni, uliochoshwa na uzito, kusimama muda mrefu au ndala bapa zisizo na egemeo. Dawa yake ya kwanza haina malipo. Kabla hujashuka kitandani, kaa, weka mguu unaouma juu ya goti la mwenzake, shika vidole uvivute kuelekea muundi mpaka uhisi upinde wa unyayo umekaza. Hesabu hadi kumi, achia, rudia mara kumi. Fanya hivyo mara tatu kwa siku, tena kila unapotaka kuinuka baada ya kukaa sana. Huchukua wiki kadhaa, na katika wiki hizo ndala bapa zikae pembeni, uvae kiatu chenye soli nene inayokiinua kisigino kidogo.