Miraa Haisogezi Saa

Mwezi huu pekee nimeulizwa mara nne, na mara ya nne nusura nifunge dirisha la duka la dawa. "Daktari, nikitafuna miraa kabla ya kupanda ndege, si nitafika New York macho makavu, nianze kutembea siku hiyohiyo?" Aliyeuliza ni mzee wa Runyenjes anayekwenda kumtembelea bintiye. Aliyemtangulia, kijana wa Siakago, aliapa kwamba miraa ni mchezo wa watoto, dawa yenyewe ni muguka.

Hapana, wazee wangu. Si muguka, si kangeta, si alele.

Kilichomo kwenye majani hayo ni kathinoni, ndugu wa damu wa amfetamini. Kazi yake ni kuupigia ubongo kelele usiusikie usingizi. Usingizi wenyewe haujaenda popote. Saa ya mwili ni kishada kidogo cha chembe hai ndani ya ubongo, juu kidogo ya mahali mishipa ya macho inapopishana, na kishada hicho hakijali unachotafuna. Kinachokiongoza hasa ni mwanga. Sisi wa huku, ambako ikweta inakata barabara kati ya Nkubu na mjini Meru, jua limetulea kwa saa zilezile Januari hadi Desemba, hata tukazihesabu saa zetu kwa kuchomoza kwake. Sasa shuka New York mwezi wa Julai: saa kumi na moja jioni ya kule ni saa sita usiku ya Runyenjes. Mwili wako bado uko kwako, umejifunika blanketi. Miraa haiubebi ukavuka bahari. Inakuamshia mtu hukohuko kitandani, basi.

Kijana mmoja wa Igembe hakunisikiliza. Alitafuna tangu alasiri hadi anaingia uwanjani, akakaa takribani saa 15 angani akitazama kiti cha mbele, chakula kikapita mara mbili asikiguse. Handasi, ule mchangamko wa miraa, ilimwisha kabla hajatua. Siku yake ya kwanza mjini aliimalizia kwenye benchi la bustani, amelala kifua wazi, binamu yake akimlindia begi. Usiku saa nane akawa macho kama bundi, ana njaa. Alikuwa ameuharibu usingizi na ratiba ya chakula kwa mpigo, na chakula nacho huusaidia mwili kujua ni saa ngapi.

"Basi nitabeba kidogo, nitafune nikifika." Huyu ndiye ananichosha zaidi. Zile Hilux za Maua zinazobeba miraa na kupita watu kwenye kona hazikimbii kwa kupenda ajali. Kathinoni huanza kupotea mara tu tawi linapokatwa, na baada ya siku mbili hivi unatafuna mboga. Majani ya mgomba huchelewesha tu. Halafu kuna sheria. Wengi bado wanaishi enzi zile shehena zikishuka Heathrow mchana kweupe. Uholanzi ilipiga marufuku mwaka 2013, Uingereza Juni 2014, na Marekani imeiweka kathinoni kundi moja na heroini. Utakizuru chumba cha polisi kabla ya sanamu yoyote. Nasema haya nikiwa mtu niliyelipiwa karo na miraa, msije mkanipeleka kwa wakulima.

Sasa la kufanya, upesi maana foleni imefika barabarani. Geuza saa yako ukishakaa kwenye kiti. Ukienda magharibi, Marekani, siku ya kwanza kaa nje kwenye mwanga wa alasiri hadi jua lizame. Makumbusho yenye giza yasubiri. Ukienda mashariki, Guangzhou kwa mfano, ambako wametutangulia saa tano, jikinge na jua la mapema. Litafute kuanzia saa nne au tano asubuhi, na usiku zima simu mapema. Ukizidiwa lala dakika 20, kabla ya saa tisa mchana. Kahawa ya kwetu ruksa, mwisho adhuhuri. Kula wanapokula wenyeji. Usiendeshe gari siku hiyo, tena Marekani wanapita kulia. Mwili husogea kama saa moja kwa siku, usiulazimishe. Mwenye kisukari anayejidunga insulini, au mwenye presha, amwone daktari wake kabla ya kukata tiketi, na huyo asiguse kabisa habari ya miraa. Melatonini huwafaa baadhi, lakini njoo tuongee kwanza.

Na wewe mama wa Manyatta uliyeniachia ujumbe kuhusu London mwezi wa Agosti: tofauti ni saa mbili tu. Uchovu utakaousikia ni wa kukesha kwenye ndege. Huhitaji dawa, unahitaji kulala.